Swichi ya Spika Nne

Uvumi ule Moraa aliusikia kwa dereva wa raksha, bajaji za Juba, akausikia tena kwa muuza maji, na alipofika kazini akakuta walinzi wa getini wanasimuliana huohuo. Kuna gari nyeupe, vioo vyeusi, haina namba. Inazunguka kutoka soko la Custom mpaka mtaa wa Mangateen inaokota watoto. Dereva ana biskuti. Mtoto akinyoosha mkono, mlango unafunguka, na mama anabaki kuita jina mpaka sauti inamkauka.

Hakuna aliyeiona kwa macho yake. Kila mmoja alimjua mtu aliyeiona. Lakini habari ya namna hiyo ikishaingia kichwani kwa mwenye mtoto haitoki, na Moraa alikuwa na wawili nyumbani Kisii kwa dada yake.

Kwa hiyo simu ilipoita mchana ule, na mwanamke akasema kwa kilio, "Mutoto wangu simuoni, afande, simuoni," ile gari ilipita mbele ya macho ya Moraa kabla hajauliza hata jina la mtoto.

Moraa alikuwa mpelelezi wa polisi Kenya kabla ya kuja Juba kusimamia ulinzi wa hoteli. Cheo alikiacha kule, lakini Waganda na Wakenya wa mjini bado walimwita afande, na jambo likiwafika walimpigia yeye kwanza. Yeye naye alikuwa na kawaida yake, hafanyi kitu bila askari wa hapa. Alimpigia Sajini Madut, wakakutana kwenye geti la ploti ya kupanga, mtaa uitwao Juba na Bari, upande wa mtoni. Madut alikuwa mrefu, geti lile ilibidi aliinamie.

"Nimesema kwa daraja ya mto wasimamishe gari yote nyeupe," alisema.

"Nani alikwambia ni gari?"

"Ya sister, Juba mzima inasema gari."

"Juba nzima ilikuwa hapa mtoto akiondoka?"

Madut alicheka, halafu akasikia kilio kule ndani, akaacha.

Kilio chenyewe kilisikika kwa shida. Ploti nzima ilikuwa imejaa nyimbo za kwaya, sauti juu kabisa. Zilitoka saluni iliyo karibu na geti, na wimbo uleule ulitoka pia kwenye chumba cha mwisho kule nyuma, hivi kwamba ukisimama katikati ya uwanja unapigwa masikio yote mawili.

Josline, mama wa mtoto, alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha mbele kama mtu aliyefiwa. Wanawake wa ploti walimzunguka. Moraa alichuchumaa mbele yake.

"Mama Mirembe, mimi ndiye Moraa. Mtoto ana miaka mingapi?"

"Mitano. Gauni ya kijani. Kichwa Robinah alimusuka juzi, na shanga nyeupe."

"Asubuhi ulimwacha na nani?"

"Na muziki," Josline alisema. Halafu akatikisa kichwa. "Na Robinah. Nimemuacha na Robinah."

"Rudia pale mwanzo. Na muziki?"

"Sisi wote hapa tunauza Custom, afande. Robinah ndiye anabaki, saluni yake si hiyo hapo kwa geti? Muziki yake ikilia, watoto wako na yeye. Akitaka kutoka anazima, anatupigia simu, mumoja wetu anarudi. Ni hivyo tangu tuhamie hapa."

"Na leo muziki ulilia?"

"Ililia mpaka mimi nilirudi! Katikati nilipigia Nyaruot wa chai hapo nje, nikamuuliza, watoto wako? Akasema, muziki si inalia. Nikaisikia mwenyewe nyuma ya simu. Nikatulia. Nikauza." Alijipiga paja. "Nikauza nguo, afande, mutoto wangu hayuko!"

"Watoto wengine?"

"Wako. Ni wadogo. Wanasema tu Mirembe ameenda."

Moraa aliinua mkono kuelekea saluni. "Hebu mpunguze huo muziki tuongee."

"Usizime!" Josline alisema, na wanawake wote wakasema naye. "Mirembe anapenda hizo nyimbo. Kama iko karibu atasikia, atajua nyumbani iko upande gani."

Moraa akaacha nyimbo zilie.

Alianza kazi kama anavyoanza siku zote, nyumbani kwanza. Aliingia kila chumba akainama chini ya kila kitanda. Alifungua tangi la maji, akamulika ndani kwa simu. Alimulika choo cha shimo mpaka chini, na aliposimama wima uso wake ulikuwa umelowa jasho. Hakuna kitu. Alizunguka ukuta wote akitafuta tundu la kumpitisha mtoto. Hakuna.

Ilibaki saluni. Ilikuwa ndani ya kontena la chuma, moja kati ya yale marefu yanayoletwa kwa malori, na mwenye ploti alilikata katikati kwa bati. Nusu ya mbele ilikuwa saluni ya Robinah. Nusu ya nyuma ilikuwa stoo, ina mlango wake kwa nyuma, na mlango huo ulikuwa na kufuli.

"Humu?" aliuliza.

"Ya Lubega wa soda," alijibu mwanamke mmoja. "Alikuja kupakia kwa raksha, akafunga, akaenda na ufunguo. Mtoto ametoka baada yake. Robinah alimuona akipita geti, Lubega amekwenda zamani."

Moraa aliweka kiganja kwenye chuma, akakitoa haraka. Jua lilikuwa limekichoma. Alichosikia kwenye kiganja, zaidi ya joto, ni mtetemo. Spika za saluni zilitundikwa kwenye lile bati la katikati, na kila ngoma ya kwaya ilitikisa kontena zima.

Akatoka nje ya geti kwa Nyaruot.

Nyaruot alikuwa mwanamke wa makamo, Mnuer, anauza chai chini ya mwavuli uliochanika. Ndiye aliyewaambia polisi juu ya gari nyeupe. Aliwakaribisha kwa viti vya plastiki, akamwagia Madut chai bila kuulizwa.

"Mama, umeona nini leo?" Moraa alianza.

"Nimeona arabiya nyeupe."

"Ilisimama wapi?"

"Hapo. Dereva na miwani nyeusi."

"Asubuhi ya leo?"

Nyaruot alikoroga chai ambayo ilikuwa imekwisha kukorogwa. "Ya juzi."

Madut alishusha kikombe. "Mama! Mimi nimefunga daraja kwa maneno yako!"

"Juzi na leo kwa barabara hii kuna tofauti gani? Vumbi si ni ileile. Kunywa chai, Sajini, usinipigie kelele, mimi ni sawa na mama yako."

"Na leo?" Moraa alisema.

"Leo kuona mafi, hakuna. Leo ni kusikia tu. Hii makelele ya Robinah, tangu asubuhi, kichwa yangu imepasuka. Ikakufa mara moja. Nikasema asante Mungu. Kumbe ni ya kupumua tu, ikarudi."

"Muziki ulipokufa, Lubega alikuwa ameondoka?"

"Zamani. Raksha imejaa, hata chai hajaninunulia, bahili ile. Kimya ikaja, hapo ndiyo nikasikia panya zake."

"Panya gani?"

"Za stoo. Zinakuna, zinagonga chupa. Panya za Lubega zimekunywa soda mpaka zimekuwa kama mbuzi."

Madut alicheka. Moraa hakucheka.

"Muziki uliporudi, wimbo ulianza mwanzo?"

Nyaruot alifikiri. "Hapana. Ilikufa kwaya ndiyo wanaanza. Ilirudi wako kwa makofi ya mwisho, kalas, wanamaliza."

"Mtoto ulimwona akipita geti?"

"Mimi sikuona. Nilienda kuchota maji kidogo. Lakini Robinah ameona, na macho ya msusi ni makali."

Simu ya Madut iliita. Alisikiliza, akajibu kwa Kiarabu cha Juba, akaikata. "Ni kwa daraja. Wamekamata gari nyeupe."

Wanawake waliokuwa wamewafuata walipiga mayowe. Josline alikuja mbio kutoka uwanjani, kanga inaburuta.

"Yuko? Yuko ndani?"

Madut aliona aibu ya kusema. "Imejaa kuku, mama. Mhubiri mmoja anapeleka kuku kwa harusi. Kila askari amechungulia ndani, hakuna mtoto."

Josline aliketi palepale njiani. Raksha ikampitia pembeni ikipiga honi.

Robinah alikuwa ndani ya saluni, amesimama, ingawa viti vilikuwepo. Alikuwa mwanamke mnene mwenye uso wa upole, na maneno yake yalitoka haraka kabla Moraa hajamaliza kuuliza.

"Nyabo, dada, mimi nilikuwa hapa. Sikutoka hata chooni. Mtoto alikuwa anacheza hapo kwa mlango, nikageuka kuchukua kitana, kuangalia, anapita geti. Nikasema anaenda kwa Nyaruot. Halafu nikaona gari."

"Nyeupe?"

"Nyeupe."

Ilibidi waongee karibu na masikio. Spika mbili zilikuwa juu ya vichwa vyao, na kioo cha saluni kilitetemeka hata sura zao zikacheza ndani yake.

"Leo umesuka nani?"

"Wawili, asubuhi. Baadaye nikakaa tu na watoto."

Moraa alitazama sakafu. Haikufagiwa. Vipande vya nywele za kusukia vilikuwa vimetapakaa chini ya kiti, vyote vyeusi. Alitazama kiwiko cha sweta ya Robinah.

"Nywele za rangi ya mvinyo unazo?"

"Hapana. Ziliisha zamani."

Moraa alibana kitu kwa vidole viwili kwenye kile kiwiko, akakivuta. Ulikuwa uzi mrefu, mwekundu wa zambarau. Akauweka mezani, mbele ya kioo.

"Hii ni ya zamani," Robinah alisema.

"Sweta umefua lini?"

"Jana."

Moraa hakugusia tena ule uzi. "Muziki ulikatika mara moja mchana. Kwa nini?"

"Nilibadilisha flashi."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Nilitoa ile, nikaweka nyingine."

"Ukiweka flashi wimbo unaanza wapi?"

"Si mwanzo, nyabo? Unaanza mwa..."

Muziki ukakatika.

Ulikatika huku saluni, na kule chumba cha nyuma, kwa pamoja. Masikio yalibaki yanavuma. Kutoka uwanjani kikaja kilio cha Josline, wazi, kikali, na wanawake wengine wakiita "Mirembe! Mirembe wee!" hata mtu asingeweza kusikia pumzi yake. Robinah hakusogea. Mikono yake ilikuwa mbele yake, mitupu.

Muda kidogo ukapita. Halafu nyimbo zikarudi zenyewe kwa kishindo, kwaya iko katikati ya ubeti.

Moraa alimwangalia machoni. "Nani amebadilisha flashi sasa hivi?"

Robinah aligeuka kutazama upande wa chumba cha mwisho.

"Redio yenyewe iko wapi?"

"Chumbani kwangu. Kule mwisho."

"Kuna mtu?"

"Hakuna. Nimefunga."

"Lete ufunguo. Madut, twende."

Chumba kilikuwa kidogo na safi. Betri ya sola ilikuwa chini ya meza. Juu ya meza kulikuwa na ampli moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama watu wanavyofunika televisheni, na pembeni yake kisanduku cheusi kidogo chenye vitufe viwili. Moraa alifuata nyaya kwa macho. Ampli iliingia kwenye kisanduku. Kutoka kisandukuni nyaya za kwanza zilipanda ukutani kwenye spika mbili za chumbani. Nyaya za pili zilitoka dirishani, zikapita chini ya paa la vyumba vyote mpaka saluni.

Vitufe vyote viwili vilikuwa vimebonyezwa.

Aliondoa kitambaa, akagusa ampli. "Shika hapa," alimwambia Madut.

Madut alishika, akaruka. "Hii unaweza kukaangia yai!"

"Hotelini kwangu tunayo swichi kama hii, ya baa na ya chumba cha chakula. Kitufe kimoja, spika jozi moja zinalia. Kingine, jozi nyingine. Ukibonyeza vyote, spika nne zinavuta kuliko ampli inavyoweza, inachemka, inajizima isiungue. Ikipoa kidogo inajiwasha. Flashi haijui lolote, yenyewe inaendelea tu kucheza, ndiyo maana wimbo unarudi ukiwa umeshaendelea." Alimgeukia Robinah. "Ukiwa saluni, unabonyeza ngapi?"

"Kimoja," Robinah alisema kwa sauti ndogo. "Cha saluni. Fundi alinikataza viwili."

"Leo ukabonyeza viwili. Mtu akipita saluni asikuone, atasikia muziki chumbani, atasema umekwenda chumbani. Akifika chumbani akute pamefungwa, atasikia saluni, atasema umerudi saluni. Hakuna atakayekutafuta. Ulikwenda wapi, Robinah?"

Robinah alikaa kitandani.

"Mangateen. Kuna bibi harusi. Msusi wake alimkimbia nusu kichwa, analia kwa simu, harusi ni kesho, anataka ile rangi ya mvinyo. Nikasema ni kidogo tu. Nikasema watoto wanacheza, geti iko na Nyaruot, nikabonyeza, nikaenda." Alijifuta uso kwa ile sweta. "Geti watu ni wengi, hakuna aliyeniona nikitoka wala nikirudi. Kurudi, Josline ameshafika, ananiuliza mutoto iko wapi. Watu wote wanasema gari nyeupe, gari nyeupe. Wakaniuliza, umeiona? Nikasema ndiyo. Wangeniua, nyabo. Nikasema tu ndiyo."

"Na kupita geti?"

"Sikumuona."

"Lubega alipofunga stoo ulikuwa wapi?"

"Sijui alifunga saa ngapi. Nilikuwa Mangateen."

"Kwa hiyo hujui nani alitoka kwanza. Hujui kama mtoto alitoka."

Robinah alishika mdomo kwa mikono miwili. Madut alikuwa ameshaelewa, ameshageuka kutazama dirishani, kule kwenye kontena lililokaa juani.

"Panya," alisema polepole. "Ya Rabb. Panya."

Moraa alinyoosha mkono kwenye swichi. Mkono wa mtu ukamdaka kifundo cha mkono. Josline alikuwa ameingia nyuma yao, na hakuna aliyejua amesikia kiasi gani.

"Nimesema musizime! Ndiyo njia yake ya kurudi!"

"Mama Mirembe, yeye anatusikia sisi. Sisi ndio hatumsikii."

"Hapana! Ukizima amekufa! Ukizima ni kama amekufa!"

"Nipe muda wa kuhesabu pumzi tu. Usipotaka baada ya hapo, utawasha mwenyewe. Tazama, mkono wako uko hapa."

Josline hakuachia. Lakini hakukaza tena. Moraa alibonyeza kitufe cha kwanza, spika za chumbani zikafa. Akabonyeza cha pili, saluni ikafa.

Madut alitoka uwanjani akapaza sauti ambayo watu wa Juba na Bari walizungumza juu yake siku nyingi. "Kila mtu anyamaze! Hata kulia, hapana! Wewe wa boda, zima!"

Pikipiki ikazimwa. Mama mmoja aliziba mdomo wa mtoto wake mchanga kwa ziwa. Ploti yote ilikaa kimya.

Hakuna kitu.

Moraa alifika kwenye kontena, akavua skafu, akaikunja, akaiweka kwenye chuma na kulaza sikio juu yake. Joto lilipita. Hakuondoa sikio.

Hakuna kitu.

"Mirembe," aliita, taratibu, kama anayeita mtoto wa kwake mezani. "Mirembe, ni mama ndiye amenituma. Gonga."

Nyuma yake Josline alianza kupumua kwa sauti kama anayezama majini. Madut alimshika mabega. Moraa aligonga chuma kwa kifundo cha kidole, akangoja. Akagonga tena.

Ndani, chini kabisa karibu na sakafu, chupa iligusa chuma. Ti.

"Fungua!" Moraa alisema, lakini Madut alikuwa na nondo tayari. Alipiga kufuli mara ya kwanza likamcheka, mara ya pili likapinda, mara ya tatu alining'inia kwa uzito wake wote na pete ikang'oka mlangoni pamoja na bolti zake. Mlango ulipofunguka, hewa iliyotoka iliwarudisha wote nyuma.

Mirembe alikuwa kati ya kreti, amelala kwa tumbo, mdomo ameuweka kwenye tundu la kutu sakafuni ambapo hewa ya nje iliingia. Chupa ndogo za maji zilikuwa zimetupwa kumzunguka, tatu nne zimefunguliwa kwa meno. Mkononi alishika chupa ya soda, na vidole vya mkono huo vilikuwa vimechubuka kwa kugonga. Gauni la kijani lilikuwa limelowa jasho mpaka jeusi.

Alikuwa hai.

"Kivulini! Mmwagieni maji mwilini, lowesheni kanga mmfunike. Maji ya kunywa kidogokidogo. Raksha, haraka!" Moraa alitoa amri moja baada ya nyingine.

Josline alikuwa amemkumbatia mtoto, anamlamba chumvi usoni kama ng'ombe anavyolamba ndama wake. Macho ya Mirembe yalifunguka nusu.

"Nilijificha," alisema. "Halafu ikawa giza."

"Nyamaza, mama, nyamaza."

"Niliita. Niliita sana." Alimeza mate. "Kwaya ilikataa kunyamaza."

Walimbeba mpaka kwenye raksha, Nyaruot akapanda nao akimpepea kwa kifuniko cha sufuria. Alipopita mbele ya Moraa alisema, bila utani wowote, "Mimi nilisema panya. Nilimsikia mutoto wa mwenzangu, nikasema panya."

Raksha ilipopotea, Moraa alimpigia Lubega. Alikuwa Gumbo, ng'ambo ya mto, anashusha kreti. Alipoambiwa alianza kulia kama mtoto.

"Afande, mlango ulikuwa wazi wakati napakia. Sikuangalia ndani. Muziki ulikuwa unalia. Nikajua Robinah yuko nao."

Sasa wanawake walikuwa wameanza kukusanyika mbele ya chumba cha mwisho. Mmoja ameshika mwiko, mwingine jiwe. Moraa alipita katikati yao akasimama mlangoni.

"Ataandika maelezo kituoni," alisema. "Ataeleza yote, na mtu asimguse. Nani kati yenu hakuusikia ule muziki akatulia?"

Jiwe lilidondoka chini. Madut alimtoa Robinah akiwa amejifunika kichwa kwa kitambaa kile cha kufuma, akamwinamisha kupita geti, naye akainama nyuma yake.

Jioni simu ilitoka hospitali. Mirembe ameongezewa maji, ameomba andazi. Moraa aliwaita wamama wa ploti mbele ya kontena, ambalo mlango wake hakuna aliyethubutu kuufunga. Aliwaambia mambo ya kuepuka, bila kuzunguka, na waliotaka waliyaandika:

Usimwachie mtoto sauti. Mwachie mtu, tena mtu aliyekuitikia kwa jina lake.

Usitulie kwa kusikia muziki nyuma ya simu. Sema, nipe mtoto niongee naye.

Usibonyeze vitufe vyote viwili vya swichi ya spika kama hukuambiwa na fundi kwamba ampli yako inaweza. Na usitoke ukaiacha inalia. Kama haikuchoma nyumba, itawadanganya majirani.

Usifunge stoo, kontena, gari wala friji bovu kabla hujaingia mpaka mwisho na kuita.

Ukitafuta mtoto, usiruke mlango kwa sababu una kufuli. Kufuli linaonyesha tu kwamba mtu mmoja alifunga, halionyeshi alichofungia.

Usikimbilie daraja kabla hujamaliza nyumbani.

Usiseme umeona kama hukuona, hata watu wakikuzunguka na mawe.

Usiite kitu panya kabla hujakwenda kuangalia.

Mtoto akipotea, usiwashe chochote chenye sauti, hata kama ni wimbo wa Mungu.